Sanduku la Namba Sita: Niende Dar au Nibaki Mbeya?

Dirisha la usajili likikaribia, simu yangu haipumziki. Hata watu ambao mwaka mzima hawanijulii hali wananiita kocha. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nilipoisoma nilijiona mwenyewe mwaka 2004. Wengine mtanisamehe kwa ufupi. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: nilicheza mpira miaka tisa, namba sita, yaani kiungo anayekaa mbele ya mabeki, na namba nane, kiungo wa mbele yangu, akiumwa nilisogezwa mbele. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa hapahapa Mbeya. Siku hizi jioni nafundisha vijana, mchana nauza mabati na misumari Mafiati.

*Shikamoo kocha. Nina miaka 19, ni kiungo, natumia miguu yote miwili. Niko timu ya Ligi Kuu huku nyanda za juu. Msimu huu nimeanza mechi 11 na kuingia kutoka benchi mara nane. Mkataba wangu unaisha msimu ukiisha. Kuna wakala amenipigia, anasema timu kubwa ya Dar inanitaka kwa miaka mitatu, na pesa ya usajili aliyotaja baba yangu hajawahi kuishika. Ila anataka nisaini wiki hii, na kabla ya hapo nisaini mkataba na yeye mwenyewe. Timu yangu nayo inataka kuniongezea miaka miwili kwa mshahara wa kawaida. Baba anasema chukua hela, mpira ni leo. Kocha wangu anasema tulia. Usiku silali. — Namba Nane, Uyole*

Marahaba mdogo wangu. Wiki hii usisaini kitu chochote, cha timu wala cha wakala. Timu inayokutaka kweli Jumatatu, Ijumaa itakuwa bado inakutaka. Anayekuharakisha ana shida yake, na hiyo si shida yako.

Sasa nikusimulie. Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 20. Nilipanda treni ya TAZARA nikiwa na begi moja na ndoo ya maparachichi ambayo mama alisema niwapelekee viongozi wa timu ya Dar, ili wajue nimetoka nyumbani kwa watu. Jina la timu nalimeza. Tulipofika Mlimba, lile joto la bondeni lilikuwa limeshaivisha maparachichi yote kwa pamoja, nikawagawia abiria wa behewa letu. Viongozi walipokea ndoo tupu.

Kosa langu halikuwa maparachichi. Sikuuliza swali moja tu: pale katikati wako wangapi? Walikuwa viungo sita wanaogombea nafasi mbili, na wawili kati yao walikuwa wanaitwa timu ya taifa. Msimu mmoja na nusu nilicheza mechi nne. Dakika 97. Nazijua kwa sababu nilikuwa naziandika kwenye daftari, kama mtu anayeandika madeni.

Na sikuandaa mwili. Huku Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Timu za pwani zikija uwanja wetu wa Sokoine, dakika ya 60 unawaona wameshika magoti, nasi tunajidanganya kwamba pumzi tumezaliwa nayo. Shuka Dar ufanye mazoezi saa tatu asubuhi mwezi wa pili. Hewa ipo ya kutosha, lakini joto na unyevu vinakukamua kama nguo. Mwili unahitaji kama wiki mbili kuzoea. Mimi kocha alinitazama siku nne, akaniona mzito, akaamua. Kumbe hata kunywa maji nilikuwa sijui, nilikuwa nakunywa nikisikia kiu tu, kama nilivyozoea kwenye baridi ya kwetu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo swali lako lilipo. Mshambuliaji akipewa dakika kumi anaweza kufunga goli moja la bahati, kesho gazeti likamwimba. Sisi wa katikati si hivyo. Ukiingia dakika ya 80 timu inaongoza, unaambiwa linda. Unagusa mpira mara nne, tatu kati ya hizo unarudisha nyuma, na unarudi nyumbani hakuna aliyejua kwamba ulicheza. Kiungo anaonekana mechi ya kumi na tano mfululizo, watu wanapoanza kugundua kwamba siku asipokuwepo timu inakatika vipande. Na anajifunza kwa kukosea. Pasi ya kizembe niliyonyang'anywa pale Sokoine mbele ya jukwaa kuu, tukafungwa, ndiyo iliyonifundisha kugeuza shingo mara mbili kabla mpira haujanifikia. Kwenye benchi hakuna pasi ya kunyang'anywa. Unakaa salama, na unabaki mjinga.

Kwa hiyo ukiniuliza dau zuri ni lipi, nitakuuliza dakika ni ngapi.

Ulipokuwa bado mtoto mdogo, Mbeya City walipanda Ligi Kuu, mwaka 2013, chini ya kocha Juma Mwambusi, na msimu wao wa kwanza tu wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Mji ulivaa zambarau, rangi ya timu, mpaka mahubiri ya Jumapili. Deus Kaseke alikuwa kwenye kile kikosi. Hakuondoka baada ya kelele za msimu wa kwanza. Alicheza na wa pili, ndipo mwaka 2015 akaenda Yanga. Alipofika kule alikuwa mtu ambaye ligi nzima imeshamkaba na imeshindwa. Ukienda hivyo unaingia mlangoni na viatu. Ukienda kama nilivyokwenda mimi, unavua nje.

Utasema zamani mtu alionekana tu akishuka Dar. Zamani, ndiyo. Siku hizi mechi za Ligi Kuu zinaonyeshwa Azam TV, na mtu wa usajili anakaa Kariakoo na kikombe cha kahawa anakutazama ukiteleza kwenye matope ya Sokoine. Novemba 2022, Ihefu walipowafunga Yanga 2-1 kule Mbarali na kukata mfululizo wa mechi 49 bila kufungwa, hakuna mchezaji wa Ihefu aliyelazimika kupanda basi ili ajulikane.

Baba yako lakini si mjinga, na usimjibu kama mjinga. Goti halina ahadi. Langu lilikatika uwanja wa Samora, Iringa, siku ya mvua, hakuna hata aliyenigusa: niligeuka, kiatu kikabaki. Ule mshipa wa ndani wa goti. Kwa jeraha lile mchezaji anatakiwa akae nje miezi tisa au zaidi, na afanyishwe mazoezi ya kurudisha nguvu na mtu anayejua kazi yake. Timu niliyokuwa nayo wakati huo ililipia picha ya eksirei, ikaishia hapo, kwa sababu mkataba wangu haukuwa na mstari hata mmoja wa matibabu. Nilirudi uwanjani mwezi wa tano tangu niumie, kwa kuogopa kusahaulika. Ndiyo maana leo nauza mabati.

Kwa hiyo nenda na baba yako, na mtu mmoja anayejua sheria (wakili wa kukusomea karatasi kwa saa moja hatakumaliza mfuko), kaeni na timu yako ya sasa. Waambieni miaka miwili hapana, mwaka mmoja sawa. Ombeni mshahara upande, na iandikwe kiasi ambacho timu nyingine ikikileta, wewe unaondoka bila kugombana na mtu. Matibabu yaandikwe: nani analipa upasuaji, na mshahara unaendelea kwa muda gani ukiwa umeumia. Viongozi watakuambia "hayo tunaelewana tu kijana". Mwambie kiongozi, kwa heshima zote, kwamba kama tunaelewana basi wino hautatuuma.

Kuhusu Dar: mkataba wako ukiwa umebakiza miezi sita au pungufu, kanuni za FIFA zinakuruhusu kuongea na timu nyingine na hata kusaini nayo kwa ajili ya msimu ujao. Timu hiyo inatakiwa iiandikie timu yako kwanza. Kama wakala anasema "iwe siri", jiulize siri ni ya nani. Wakikuita, nenda ukawasikilize, lakini peleka maswali haya. Viungo wangapi wana mkataba zaidi ya mwaka mmoja? Nani aliyeomba nisajiliwe, kocha au kamati? (Akiwa ni kamati peke yake, kocha atakutazama siku nne.) Nikipelekwa kwa mkopo, mshahara analipa nani? Na ile pesa ya usajili, yote inaingia benki siku ya kusaini, au nusu sasa na nusu "tukimaliza mambo ya benki"? Nusu ya pili ya kwangu mambo ya benki hayajaisha mpaka leo.

Ukishasaini, umesaini. Ulimwona Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 aliirudishia Yanga Sh milioni 112 akiamini kwamba hapo mkataba umekwisha, kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Kiungo bora nchini akakaa nje miezi na miezi katika umri wake mtamu, hadi timu zilipomalizana katikati ya 2023 akaenda Azam. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema yule alikuwa Fei Toto, na nchi nzima ilimjadili. Wewe na mimi tungekaa nje kimyakimya.

Na wakala wako: muombe leseni ya FIFA. Tangu 2023 mawakala wanafanya mtihani na kupewa leseni, na mkataba wake na wewe hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Akikuletea wa miaka mitano, au akisema leseni "iko kwa bosi", mshukuru kwa simu yake.

Ningekuwa mimi, ningebaki mwaka mmoja. Mechi 11 za kuanza hazitoshi, nataka nione 25. Lakini kama Dar wana kiungo mmoja tu wa aina yako na kocha ndiye aliyekuita kwa mdomo wake, futa niliyosema, panda gari. Maparachichi acha.

*Kaka habari za huko. Mimi ni mama wa Makambako. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anacheza kati na watu wanasema ana kipaji. Baada ya mashindano ya shule alikuja mtu mwenye fulana ya wakala, anasema atampeleka majaribio Uturuki. Anataka Sh 850,000 ya fomu, vipimo na viza. Nina magunia ya mahindi ningeweza kuuza. Nifanyeje?*

Dada yangu, mahindi yabaki ghalani.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nchi nyingine. Kuna njia chache za kando, kama wazazi kuhama kwa sababu zao ambazo hazihusiani na mpira, na hakuna hata moja inayomhusu mtoto wa Makambako anayekwenda Uturuki peke yake. Hata awe na kipaji cha kutisha, timu haiwezi kumsajili. Kwa hiyo hiyo fomu ni ya nini?

Halafu timu inayomtaka mchezaji ndiyo inayolipa nauli, viza na malazi. Mpira ni kazi ambayo mwajiri anakutafuta. Mbwana Samatta alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe ya Kongo, ndipo Januari 2016 akafika Genk ya Ubelgiji akiwa na miaka 23. Sijasikia hatua hata moja iliyohitaji mama auze mahindi ili kumlipa mtu mwenye fulana.

Amalize kidato cha nne. Nasema hivi nikiwa na sababu ya mpira, siyo ya shule peke yake. Kiungo ni mtu wa kusoma, na mikataba nayo inasomwa. Kama kuna timu ya vijana ya U-20 ya klabu yoyote ya huku juu inayomwita likizo, aende, umfuate mara moja uone wanalala wapi na nani anawalea. Akipewa karatasi yoyote, wewe ndiye wa kusaini pamoja naye, na isizidi miaka mitatu, ndicho kikomo cha kimataifa kwa mtoto wa umri huo. Huyo bwana akirudi, mwambie shemeji yako wa polisi angependa kuonana naye. Hata kama huna shemeji wa polisi.

*Kocha, niko timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, nakaa Iringa. Miezi mitatu hatujalipwa. Wenzangu wanasema tugome, tusiende mazoezini mpaka kieleweke. Mimi ni nahodha msaidizi, naogopa kuonekana msaliti upande wowote.*

Msigome kimyakimya. Mkiacha tu kwenda mazoezini, kesho karatasi itaandikwa kwamba nyinyi ndio mliovunja mkataba, na aliyekula mishahara yenu atakaa meza moja na wanaowahukumu. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Andikeni barua, kila mtu ya kwake. Utaratibu wa FIFA unasema mchezaji asipolipwa mishahara miwili ya mwezi, anaweza kuiandikia timu kuipa siku zisizopungua 15 ilipe, na isipolipa anakuwa na sababu halali ya kuuvunja mkataba. Kwa kesi ya hapa nyumbani mlango ni TFF, kwenye kamati inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, nacho kipo kwa kazi hiyo, mpigieni kabla ya kufika huko. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa na nakala ubaki nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa njia inayoacha alama, hata barua pepe.

Wakati siku zinahesabika, nendeni mazoezini. Najua inauma kukimbia na njaa. Lakini mnakimbia kwa ajili ya kesi yenu, na kwa yule kiongozi wa timu nyingine aliyekaa jukwaani anahesabu nani bado anakaba.

Na kitu kimoja ambacho wachezaji wetu hatukipendi: posho za mkononi. Baada ya ushindi kiongozi anagawa noti kwenye basi, tunaimba. Siku ya kesi anasimama kusema zile zilikuwa mishahara. Chukueni, sikatai, ila andikeni tarehe, kiasi na sababu. Wewe ni nahodha msaidizi, daftari lianze kwako.

*Nina kituo kidogo cha watoto Vwawa. Nilimlea kijana mmoja tangu miaka 12 hadi 16, sasa yuko Ligi Kuu na nasikia timu ya nje inamtaka. Je, nitapata chochote, au ni asante tu?*

Ndugu yangu, inategemea jambo moja: kituo chako kilisajiliwa kama klabu, na yule kijana aliandikishwa kwako kihalali?

Mchezaji akiuzwa kutoka timu ya nchi moja kwenda nchi nyingine kwa pesa, asilimia 5 ya pesa hiyo inakatwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja, na kila mwaka kuanzia 16 una nusu asilimia. Tuseme ameuzwa Sh milioni 200. Ile miaka yako minne ya kwanza ni Sh 500,000 kila mmoja, na ule wa 16 ni Sh milioni moja. Jumla milioni tatu. Mipira mingapi hiyo?

Kama hukumsajili popote, kwenye makaratasi ya FIFA hujawahi kuwepo duniani, na asante ndiyo malipo yako. Nenda chama cha soka cha wilaya kesho, kwa ajili ya hao ulio nao sasa. Kuna walimu wengi Songwe, Njombe na Mbeya waliotengeneza wachezaji wa nchi hii, na hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Nami nilikuwa mmoja wao hadi miaka michache iliyopita, kwa hiyo sikucheki.

*Shikamoo mjomba. Nina miaka 14, naishi Tukuyu. Mimi nacheza namba kumi lakini mwalimu wa michezo amenirudisha namba sita. Wenzangu wananicheka, wanasema nimekuwa beki. Nimwambieje mwalimu?*

Marahaba mjomba. Mwambie ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa.

Andrea Pirlo wa Italia alikua akicheza huko mbele unakokupenda wewe. Mwaka 2001, akiwa Brescia, kocha Carlo Mazzone akamrudisha nyuma, karibu na mabeki. Wengine waliona ameshushwa. Mwaka 2006 akabeba Kombe la Dunia. Namba kumi anapokea mpira akiwa ameupa uwanja mgongo. Namba sita anauona uwanja wote mbele yake, kama mtu aliyekaa kilimani anatazama soko la Tukuyu siku ya mnada. Mwalimu amekupa kilima.

Fanya zoezi hili. Tafuta ukuta ambao mwenyewe hatagomba. Piga pasi ukutani, urudi, upige. Rafiki yako asimame nyuma yako, kila unapopiga anyanyue vidole. Kabla mpira haujakurudia, geuza shingo, taja namba kwa sauti, kisha upokee kwa mguu ulio mbali na ugeuke. Ukikosea namba, mnabadilishana. Mia kwa siku, nusu kwa mguu wa kushoto. Kwenu mvua hainyamazi, najua, piga hata chini ya baraza. Uwanja wenu ukiwa matope, mpira wa chini hausafiri, kwa hiyo jifunze na ule wa juu kidogo, unaodondoka mbele ya mtu.

Hao wanaokucheka waulize kama babu zao wamewasimulia Tukuyu Stars. Mwaka 1986 mji wenu huo, na migomba yake na chai yake, ulichukua ubingwa wa Tanzania Bara na kuwaacha Simba na Yanga wakitazamana. Kamuulize mzee yeyote hapo stendi ni nani aliyecheza kati. Atakuacha na njaa mpaka jioni, lakini utasikia mambo.

*Mheshimiwa, mimi si mtu wa mpira. Nina duka Soweto, hapa Mbeya. Mchezaji wa timu fulani amepanga chumba jirani, anakopa unga, mayai, soda na vocha. Deni limefika Sh 74,000. Kila mwezi anasema "bado hawajatuingizia". Ni kijana mwenye adabu, anasalimia. Nimkatie au nimwache?*

Shikamoo mzee wangu. Rudi juu usome barua ya yule wa Iringa, utaona kwamba inawezekana kabisa kijana hasemi uongo.

Mwite, asiwepo mteja mwingine. Mwambie akuonyeshe mkataba au ujumbe wa benki wa mshahara wa mwisho. Kama hana mkataba wa maandishi, nipigie, nitamtafuta mwenyewe, maana hapo deni la dukani ndilo dogo kuliko yote aliyo nayo. Kama anao, mwandikishe kwamba mshahara ukiingia anaanza na wewe, asaini na wewe usaini, mkiwa na jirani mmoja.

Unga na mayai endelea kumwandikia, mwili wake ndio jembe lake. Maharage pia, na akitaka viazi vya Umalila mpimie vizuri. Soda mkatie leo hii. Vocha ya mia tano kwa wiki, ili timu ikimwita awe hewani.